Kila Kifaa na Fungu Lake

Mafaili ya kompyuta yanayosomeka kwa raha ni machache. Ninalolipenda kuliko yote ni lile la seva inayogawa anwani za mtandao, dhcpd.conf, likiwa limeandikwa na fundi mwenye subira. Ukilisoma kutoka juu hadi chini utaijua taasisi nzima bila kupita getini: ina majengo mangapi, simu za mezani ziko ghorofa ipi, wageni wanaaminiwa kiasi gani.

Kazi yenyewe haionekani. Simu ikiingia kwenye Wi-Fi haina anwani, haijui njia ya kutokea wala pa kuulizia majina ya tovuti. Inapaza sauti mtandao mzima uisikie. Seva inapendekeza anwani, simu inaiomba rasmi, seva inathibitisha. Jumbe nne, basi. Utaratibu huu, DHCP, aliuandika Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Ulitangazwa mwaka 1993, ukapata sura tunayoitumia hadi leo Machi 1997. Uliotangulia, BOOTP wa mwaka 1985, ulimtaka fundi aorodheshe kila mashine kwa mkono. Jambo jipya la DHCP lilikuwa kukodisha: anwani hutolewa kwa muda, na nusu ya muda huo ikipita kifaa hurudi chenyewe kuomba nyongeza.

Lakini ufundi ninaousifu hapa hauko kwenye itifaki, uko kwenye kupambanua. Seva inamhudumia mgeni asiyeonekana, na ina njia nne za kumtambua. Ya kwanza ni atokako: ombi likipitia kwenye ruta ya jengo fulani, ruta hiyo huweka alama yake, na seva ikajua limetoka mtandao upi. Ya pili ni sura, yaani namba ya kadi ya mtandao, biti 48, ambayo nusu yake ya kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Ya tatu ni maneno ya mgeni mwenyewe: katika sehemu ya ombi iitwayo chaguo namba 60 kifaa hujitaja, Windows ikisema «MSFT 5.0», na kompyuta inayotaka kuwashwa kupitia mtandao ikisema «PXEClient». Ya nne, na kwangu ndiyo yenye uzito, ni ushahidi wa jirani. Swichi iliyochomekewa waya huongeza taarifa kwenye ombi, chaguo namba 82, ikieleza limeingilia tundu lipi. Kifaa kinaweza kudanganya jina na sura, ila tundu kilimochomekwa hakina uwezo wa kulibadilisha kwa maneno.

Fundi chipukizi akishajua kwamba njia hizi humwezesha kugawa vifaa katika makundi, kila kundi na jibu lake, hulewa. Anafungua kundi la wahasibu, kundi la ghorofa ya pili, kundi la kompyuta nyeusi. Kipimo changu ni kimoja: kundi lina haki ya kuwepo pale tu jibu lake linapotofautiana na majibu ya wengine. Simu za mezani zinastahili kundi, maana lazima zielekezwe kwenye seva ya kuchukulia mipangilio yao. Kamera zinastahili, kwa kuwa hazina shughuli huko nje na zinaweza kunyimwa njia ya kutokea. Kompyuta za maabara zinazowashwa kupitia mtandao zinastahili makundi mawili, kwani zile za zamani zenye BIOS hupewa faili moja la kuanzia na zile za UEFI hupewa jingine. Ukizichanganya, darasa zima linakodolea macho skrini nyeusi.

Sasa mkubwa wa ofisi ananunua laptopu mpya, na fundi mwoga anamfungulia kundi: mkurugenzi. Ukilichungulia unakuta njia ya kutokea ni ile ile, seva ya majina ile ile, muda ule ule. Hapo hakuna kundi, kuna heshima tu, na faili la usanidi si mahali pa kutolea shikamoo.

Muda ndio tofauti inayosahaulika zaidi. Chukua kantini ya chuo yenye anwani 250 za wageni. Ukikodisha kwa saa 24, na simu 600 zikapita kwa zamu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, anwani zitaisha huku wenye nazo wameshaondoka zamani. Kodisha kwa saa moja, na anwani zile zile 250 zitatosha, mradi waliopo, pamoja na walioondoka ndani ya saa iliyopita, wasizidi hapo. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Imebadilishwa namba moja katika kundi moja. Kompyuta za ofisini zisizohama mezani zipe siku kadhaa, zisije zikaisumbua seva bure. Printa ihifadhiwe anwani yake ya kudumu, na anwani hiyo iwe nje ya fungu linalogawiwa wengine.

Umaridadi wa faili uko kwenye mpangilio. Kanuni ya jumla inakaa juu, inasemwa mara moja. Chini yake mtandao, kisha kundi, mwisho kifaa kimoja kimoja. Amri iliyo karibu zaidi na kifaa ndiyo inayoshinda. Mpishi wa harusi hamchemshii kila mgeni sufuria yake: pilau ni ya wote, na pembeni kuna sufuria ndogo ya wasiokula nyama. Faili linalorudia seva ya majina katika makundi yote 12 limeandikwa na mtu aliyenakili, na siku seva hiyo ikihama, kundi la 9 litasahaulika.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Kugawa anwani si kufunga mlango. Mjanja anaweza kujiandikia anwani ya kundi asilokuwemo, na seva isijue. Anayetaka kuwatenga wageni na kompyuta za mishahara aanzie kwenye swichi, atenganishe mitandao yenyewe, ndipo makundi ya seva yafuate mipaka hiyo. Na ile njia ya sura inazidi kudhoofika: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huonyesha namba ya kubuni kwa kila mtandao. Kwa faragha ya watu ni jambo jema. Kwa fundi maana yake ni kuacha kuorodhesha simu za watu na kubaki na printa, kamera na mashine nyingine zisizojificha.

Shirika la ISC, wenye dhcpd, programu inayolisoma faili hili, lilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kwamba limeacha kuitunza, na linawahimiza watu wahamie Kea, programu yake nyingine ya kazi hiyo hiyo. Wengi wananung'unika. Mimi naona ni nafasi adimu ya kulipitia faili mstari kwa mstari na kuuliza kila kundi linajibu nini tofauti. Usikabidhi kazi hiyo kwa programu ya kutafsiri faili la zamani kuwa la Kea peke yake: itahamisha kwa uaminifu mkubwa hata anwani iliyohifadhiwa kwa mashine ya faksi iliyouzwa kwa mnada.