Land Rover Iliyolala Kulia

Land Rover ya kale iliyotoka kufumuliwa mbele humtia mwenyewe fahari. Springi mpya bado zina rangi ya dukani, yubolti zinang'aa, bushi hazijaonja vumbi. Kisha inashushwa kwenye stendi, mwenye gari anarudi nyuma hatua chache aitazame usoni, na anaona bampa limeinama. Fedha imetoka, spea zote ni mpya, na gari limelala kuliko lilivyokuwa siku lilipoingia gereji.

Hapo ndipo unapoanza ufundi ninaouheshimu kuliko mwingine wowote wa gereji. Kufunga springi ni kazi ya misuli na spana ndefu. Kujua kwa nini springi mpya zimelaza gari ni kazi ya macho, ya hesabu, na ya mtu asiyekurupukia jibu.

Gari ninalolisimulia ni Series III ya mizigo, chesisi ndefu, ile ya inchi 109, na gereji iko Arusha. Mji huo unazijua gari hizi vizuri. Oktoba 2024 ulizifanyia tamasha lao. Series III zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, zikiwa bado zimebebwa mbele na nyuma na springi za majani, vilevile kama Land Rover ya kwanza ya 1948. Wapo wanaozibeza kwamba ni springi za mkokoteni. Mimi nazipenda kwa sababu hazifichi kitu: kila sehemu inayobeba uzito unaweza kuishika kwa mkono, ukaipima, ukaifungua kwa spana za kawaida. Lakini kuonekana kwa sehemu si kuonekana kwa kosa.

Gari lilikuwa limelala kulia mbele, upande wa dereva. Kijana wa gereji alishainama na jeki, tayari kuvua springi ya kulia.

"Dogo, acha hiyo," fundi akamwambia. "Lete mpira wa maji."

Ni ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Wakaujaza maji, wakashika ncha moja kwenye gurudumu la kulia na nyingine kwenye la kushoto. Sakafu ilikuwa imeshuka kidogo upande wa kulia. Kijana akatabasamu akidhani jibu limepatikana. Fundi akaagiza gari litolewe, ligeuzwe, liingizwe kinyumenyume hadi mahali palepale. Kama sakafu ndiyo iliyokuwa inalilaza, sasa lingelala kushoto. Halikulala kushoto.

Yakafuata mambo ambayo mtu mwenye haraka huyaruka kwa kuwa yanaonekana ya kitoto: matairi ni saizi moja? Yamechakaa sawa? Upepo ni sawa kulia na kushoto? Kuna mzigo uliosahauliwa nyuma ya kiti? Tangi la mafuta lina kiasi gani? Hili la mwisho si dogo. Kwenye gari hili tangi liko chini ya kiti cha kulia, linabeba kama lita 45, na likijaa ni zaidi ya kilo 30 zilizokaa upande mmoja.

Kisha akapima. Hakupima kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi, kama tunavyofanya wengi wetu. Bodi ya Land Rover ni mabati ya aluminiamu yaliyofungwa kwa bolti, na gari lenye umri huo limekwisha kugongwa, kunyooshwa na kufungwa upya mara nyingi. Madigadi inaweza kuwa chini na chesisi iko sawa kabisa. Zaidi ya hapo, springi zimekaa ndani, chini ya chesisi, wakati madigadi ziko nje kabisa. Tofauti ndogo kwenye springi hukua ikifika ukingoni. Yeye aliingia uvunguni na tepu, akapima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi, kulia na kushoto, mbele na nyuma, akaziandika namba nne kwa chaki ukutani. Mbele kulia palikuwa chini kwa milimita 22.

Chesisi ya gari ni ngumu. Kona moja ikizama, zile nyingine tatu hazitulii: springi ya nyuma kulia ikilegea, uzito unahama, mbele kulia panainama pia, na wa mbele anashitakiwa kwa kosa la wa nyuma. Ndiyo maana watu hubadilisha springi za mbele mara ya pili na ya tatu, na gari linaendelea kulala. Dawa yake ni jaribio moja la jeki ambalo kwangu ni zuri kuliko mashine yoyote ya kisasa. Jeki inawekwa katikati kabisa ya boriti ya nyuma ya chesisi, gari linainuliwa mpaka springi za nyuma zisibebe tena. Sasa nyuma panakaa juu ya nukta moja na hapawezi kulazimisha kulia wala kushoto. Mlalo wowote unaobaki ni wa mbele peke yake.

Kabla ya kuinua, fundi aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akahakikisha kijana ameona. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu; inashika shafti inayokwenda nyuma. Gurudumu la nyuma likishaachana na ardhi, breki hiyo haizuii kitu, na gari linaweza kumtembelea mtu aliye chini yake.

Gari lilipoinuliwa, milimita 22 zikawa 15. Namba hiyo ilinifurahisha sana. Haikusema nyuma ndiyo yenye kosa, wala haikuisafisha. Ilisema makosa ni mawili, na ikaonyesha lipi ni kubwa.

Wakaanza na bushi. Bushi ya springi ni mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Ukikaza bolti zake gari likiwa hewani, springi zikiwa zimening'inia, mpira unafungwa katika mkao huo. Gari likishuka mpira unajipinda, unasukuma kama springi ya ziada, na kila kona inasukumwa kadiri yake. Haudumu pia, kwa sababu mpira uliopindwa kila saa huchanika mapema. Fundi aliuliza tu, "Mlikaza wapi?" na kijana akajibu kwamba zilikazwa juu ya stendi. Wakalegeza bolti zote za shakeli na za mbele ya springi, gari likiwa chini kwa uzito wake, wakalisukuma mbele na nyuma, wakalibonyeza kwenye bampa mpaka likatulia. Lilishuka pande zote mbili, na tofauti ikapungua kidogo. Kidogo tu.

Wakavua springi zote mbili za mbele. Zililazwa sakafuni ubavu kwa ubavu, uzi ukavutwa kutoka jicho hadi jicho, na fundi akapima kina cha mkunjo katikati. Hazikuwa sawa, na kiwandani hazikukusudiwa kuwa sawa. Springi ya upande wa dereva hukunjwa zaidi, kwa sababu dereva yupo siku zote na abiria hupanda na kushuka. Aliyezifunga alizipokea dukani kama jozi, akaona zinafanana, akaweka ile ya dereva kushoto. Hapa kwetu usukani uko kulia. Springi zilizovuliwa kwenye gari lililofanya kazi Burundi au Kongo zinaweza kukuletea mlalo huohuo, maana kule dereva anakaa kushoto.

Katika hatua hiyo ndipo watu wengi huchomeka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, bampa linyooke, mteja aondoke. Sikubaliani nalo kabisa. Kipande cha chuma kilichowekwa kabla ya kujua sababu kinaficha mlalo tu, na anayebaki na springi zilizofungwa vibaya ni mteja.

Shokapu hakuna aliyezigusa. Shokapu za kawaida za mafuta hutuliza mtikisiko; hazibebi gari. Anayebadilisha shokapu ili gari lisimame sawa ananunua kitu ambacho hakimo kwenye kesi.

Ilibaki springi ya nyuma kulia, iliyokaa karibu na tangi na dereva kwa miaka mingi. Hiyo ilipelekwa kwa mtu wa springi, aliyefumua majani moja moja, akayapiga nyundo juu ya fuawe, pigo karibu na pigo, mkunjo ukirudi taratibu kuanzia katikati kwenda nchani. Hana kipimo zaidi ya jani la upande wa pili alilolilaza pembeni. Anapiga, analinganisha, anapiga tena. Kutu kati ya majani ilisuguliwa, grisi ikapakwa, maana majani yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi na springi hubaki pale ilipokwama.

Gari likafungwa upya, springi za mbele zikiwa zimebadilishana pande, na safari hii bolti za bushi zikikazwa magurudumu yakiwa ardhini. Fundi alimwambia mwenye gari, mwalimu mstaafu, "Mzee, litembeze kidogo kisha ulirudishe. Springi mpya zinakaa, na yubolti lazima nizikaze tena." Aliporudi zikakazwa, kila moja nusu zamu au zaidi, kisha tepu ikapitishwa uvunguni kwa mara nyingine. Upande wa dereva ulikuwa juu kwa milimita 6. Mzee akauliza kama hilo nalo si kosa. Fundi akamwomba apande akae kwenye usukani, akapima tena.