Vanishi ya Picha: Namna ya Kuitambua Iliyo Njema

Mwonyeshe mtu picha ya rangi ya mafuta iliyopakwa vanishi juzi, na kitu cha kwanza atakachokisifu ni mng'ao. Kati ya vipimo vyote, huo ndio dhaifu zaidi. Vanishi ya milango inayouzwa madukani kwa mafundi seremala inang'aa kuliko zote, na picha iliyopakwa vanishi hiyo imeshaharibika. (Ninazungumzia rangi ya wachoraji, ile ya tyubu iliyosagwa na mafuta ya kitani. Rangi ya kopo wanayotumia mafundi wa Tingatinga ni jambo jingine: mng'ao wake inao tangu kiwandani, haidai kitu juu yake.)

Vanishi njema ya picha hutambulika kwa kazi tatu. Inakoleza rangi za giza zilizofifia wakati mafuta yanakauka, inaupa uso wote mng'ao mmoja, na inakubali kuondolewa siku itakapochakaa, bila kung'oa rangi iliyo chini yake. Hiyo ya tatu wanunuzi wengi hawaiulizii kabisa, nami naiweka mbele ya zile mbili.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu wa hilo. Katika karne ya 19 sandarusi ya Zanzibar ilisifiwa Ulaya na Marekani kuwa ngumu kuliko sandarusi zote duniani. Kusema kweli nyingi ilitoka Mrima, pwani ya bara. Zanzibar ilikuwa soko lake. Sandarusi hiyo ni utomvu wa msandarusi uliolala ardhini muda mrefu hata ukawa mgumu kama jiwe, na wanunuzi waliutofautisha na chakazi, utomvu mbichi wa bei ndogo. Kipande cha haki kilipooshwa kilitoa vipele vidogo usoni. Meli za Salem, Massachusetts, zilikifuata hadi huku. Viwandani kilipikwa kwa moto wa karibu nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi mpaka kikayeyuka, ndipo kikatiwa mafuta ya kitani ya moto. Vanishi iliyopatikana ilistahimili mvua na tope, na magari ya farasi ya matajiri yalipakwa hiyo.

Juu ya picha, ugumu huohuo ni balaa. Vanishi ya sandarusi na mafuta hugeuka hudhurungi kadiri miaka inavyopita, na ikishakomaa haitoki ila kwa dawa kali inayoweza kula na rangi yenyewe, kwa kuwa zote mbili sasa ni mafuta makavu. Wachoraji wa karne ile walioipenda kwa uimara wake wamewaachia wahifadhi wa leo kazi ngumu. Basi sandarusi tuipe heshima yake ya historia, lakini isiguse picha.

Zinazofaa ni tomvu laini: mastiki na damari. Mastiki ya sifa hutoka kisiwa cha Chios, Ugiriki, ambako magome ya miti huchanjwa na utomvu ukadondoka kwa matone. Ukiitafuna inalainika mdomoni. Ni ya zamani na inapakika vizuri sana, lakini haikawii kugeuka njano. Damari ni ya misitu ya Indonesia na Malaysia, na mafundi wa Ulaya walianza kuizingatia kama vanishi ya picha baada ya Mjerumani Friedrich Lucanus kuiandikia mwaka 1829. Nayo hugeuka njano, ila taratibu zaidi. Mimi ni mtu wa damari.

Nunua vipande, usinunue unga. Unga unaficha kila kitu: uchafu, uzee, hata utomvu mwingine uliochanganywa. Kipande kizuri cha damari ni cheupe kinachoelekea umanjano hafifu, mwanga unapenya, na kikivunjwa ndani yake panang'aa. Vigome na mdudu mmoja mmoja si kasoro. Vitabaki kwenye kichujio. Kasoro ni kipande cha rangi ya asali iliyokolea.

Tapentaini ya kuyeyushia damari nayo ina kipimo chake, na wengi wanakiruka. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Likiacha duara la mafuta, tapentaini hiyo imezeeka na itaifanya vanishi inate miezi mingi. Thina ya dukani usiifikirie. Nyingine inayeyusha kazi yote ya mchoraji. Fungia damari katika kitambaa chepesi, ining'inize ndani ya chupa, sehemu moja kwa tatu au nne za tapentaini, uiache siku moja au mbili. Mchanganyiko ukiwa na wingu jepesi usishtuke. Damari ina nta yake, na wingu hilo hupotea vanishi ikikauka. Rangi iangalie kwa kuweka chupa mbele ya karatasi nyeupe: isizidi chai ya rangi iliyotengenezwa kwa majani machache. Lebo ya chupa ya dukani haikuambii hili, na chupa iliyokaa rafu miaka mingi mwachie mwenye duka.

Kisha picha yenyewe. Rangi ya mafuta ikiguswa ni kavu baada ya wiki, lakini ndani bado inafanya kazi. Miezi 6 ni ya chini, mwaka ni bora, na palipopakwa rangi nene ngoja zaidi. Chovya pamba kidogo katika tapentaini, sugua pembeni kabisa. Pamba ikirudi na rangi, subiri.

Vanishi iliyokwisha kupakwa ikaguliwe kwa ubavu. Usisimame mbele ya picha kama mgeni wa maonyesho. Sogea kando, macho usawa wa turubai, dirisha likiwa upande wa pili. Hapo ndipo yanapoonekana mabaka yasiyong'aa, vumbi, nyayo za brashi, madimbwi kwenye mabonde ya rangi nene, na matone yaliyokimbilia ukingo wa chini. Ukishamaliza rudi mbele utazame nyeusi na buluu. Zikiwa na kina, kama zilivyokuwa zilipopakwa mbichi, na nyeupe haikubadilika, fundi amefaulu. Ukijiona mwenyewe kwenye picha, vanishi imezidi. Tabaka mbili nyembamba zinaishinda moja nene kila mara, na anayetaka mng'ao mdogo anaweza kuongeza nta ya nyuki kidogo.

Pwani tuna adui wa ziada, unyevu. Ukungu wa samawati unaotanda juu ya sehemu za giza mara nyingi hutokana na unyevu, hasa ule ulionaswa wakati wa kupaka. Masika si msimu wa vanishi Mombasa wala Tanga. Chagua siku kavu, picha yenyewe iwe kavu na yenye joto la chumba.

Kwa picha ya zamani, tazama anga. Buluu iliyogeuka kijani kwa kawaida inakuambia umanjano uko juu yake. Toa fremu ulinganishe ukingo uliofunikwa na sehemu iliyopigwa na mwanga. Taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, husaidia sana: gizani, vanishi kongwe ya utomvu hutoa nuru ya kijani-manjano, na viraka vilivyopakwa juu yake baadaye huonekana vyeusi. Jihadhari na hudhurungi iliyo sawasawa mno, kwa kuwa wapo wauzaji waliotia rangi ndani ya vanishi ili picha ionekane ya kale. Picha maarufu ya Rembrandt ya mwaka 1642 ilikuja kuitwa Doria ya Usiku baada ya zaidi ya karne moja, ilipokuwa imeshaingia giza kwa uchafu na vanishi. Ilipovuliwa vanishi hiyo, muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, ikadhihirika kuwa askari wa Amsterdam walio ndani yake wametoka mchana. Iliwezekana kwa sababu vanishi ilikubali kutoka.

Wala picha isiyo na vanishi usiihukumu upesi. Mchoraji Pissarro na wenzake wengi hawakuitaka kabisa, na kupaka vanishi juu ya kazi ya mtu wa namna hiyo ni kumkosea.

Siku hizi wahifadhi wengi hutumia resini za viwandani kama Regalrez 1094, ambazo huchelewa sana kugeuka njano. Kwa picha inayokwenda makumbusho, ninawaunga mkono. Kwa picha ya nyumbani, damari iliyochanganywa vyema bado inanitosha. Ila yeyote unayemlipa akupakie, mwombe aandike kwa penseli kwenye mbao za nyuma, si kwenye turubai: aina ya utomvu, kiyeyushi, mwezi na mwaka.