Kabati Bustanini: Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Kabati la nguo lililotupwa hugeuzwa pambo la bustani kwa njia iliyozoeleka: droo huvutwa nje mfano wa ngazi, ya chini kuliko ya juu, zikajazwa udongo na maua, kisha kabati zima likapakwa rangi ya kung'aa. Ukipita msimu mmoja wa masika, sakafu za droo zimebonyea, maungio yameachana na rangi inabanduka. Lawama huangukia rangi hafifu au mbao zilizochoka. Mimi naona kosa liko kwingine. Samani ya ndani hutengenezwa kwa kutarajia kwamba haitaloa, kwa hiyo anayeitoa nje bila kuitengenezea njia ya maji hajaigeuza, ameihamisha tu.

Tuanze na droo. Yenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kina cha 15 inameza lita 36 za udongo. Kila lita ya udongo uliolowa ikikadiriwa kuwa na kilo moja na nusu, hizo ni kilo 54, juu ya plaiwudi ya milimita tatu au nne iliyochomekwa kwenye mfereji mwembamba ili kubeba nguo. Droo tatu za namna hiyo zinapita kilo 150, na kwa kuwa zimevutwa mbele, kabati lenyewe linataka kupinduka. Fundi makini hung'oa sakafu hiyo, akapigilia vibao vinene vilivyoachiana nafasi ndogo, akazikaza droo kwa skrubu na kulifunga kabati ukutani. Njia bora zaidi ni kuyaacha maua ndani ya vyungu vyake na kuvipanga vyungu juu ya vibao hivyo: udongo haugusi mbao, maji yanapita, na hewa inakausha kilichobaki.

Wapo watakaosema rangi nzito ya mafuta inatosha. Haitoshi, kwa sababu ubao unapolowa hutanuka kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki sana. Pale mguu unapoungana na ubao wa ubavuni, nyuzi zimepishana na kila upande unavuta kivyake, na hapo ndipo utando wa rangi unapopasuka. Maji yakishaingia kwenye ufa, rangi ileile inayazuia kutoka. Kuvu wa uozo huhitaji ubao wenye unyevu unaozidi takribani asilimia 20, hivyo kinachookoa ubao ni kukauka upesi. Ndiyo maana miguu, ambayo ncha zake hufyonza maji kuliko ubavu, huwekwa juu ya matofali. Faida ya pili ni kwamba mchwa akipanda, njia yake ya udongo inaonekana mapema. Kutandika nailoni isiyotobolewa ndani ya droo nako ni kutengeneza beseni, jambo la hatari katika mji kama Dar es Salaam uliopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, kwani mbu wa ugonjwa huo huzaliana kwenye maji yaliyotuama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba usumbufu wote huu unazidi bei ya vyungu. Kwa kabati la chipubodi au MDF, nakubali: likilowa huvimba na kumomonyoka, na hakuna ufundi wa kulirudisha. Lakini mninga na mvule ni mbao zinazostahimili kuoza, na kuzichoma kuni ni hasara. Hata hizo zina sharti lake: rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, basi isipigwe msasa mkavu, wala droo zenye rangi hiyo zisipandwe mchicha. Na kabla ya kununua kopo la rangi mpya, mwagia kabati ndoo nzima ya maji. Popote yatakapotuama, toboa, inamisha au ng'oa kwanza.