Mwizi Aliyewaibia Wenzake

Kabla ya mwizi, kila mtu aliweza kunyata. Nazungumzia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974. Mnakaa, kila mmoja na mhusika wake, dadu zinarushwa, hadithi inajengwa kwa mdomo. Fani za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Ukitaka kupita kimya kimya unamweleza msimamizi utafanyaje, naye anaamua, pengine kwa dadu.

Mwaka 1975 kikaja kijitabu cha nyongeza, Greyhawk, na ndani yake mwizi mwenye asilimia zake za kufungua kufuli, kutegua mitego, kujificha gizani. Fani tamu, sikatai. Lakini jamani, kama kunyata ni kazi ya mwizi, mpiganaji anyate kwa ruhusa ya nani? Ni ugonjwa wa hadithi zetu pia: polisi akiingia tu, msomaji anajua atakula rushwa, basi.

RuneQuest ya mwaka 1978 ilitupilia mbali fani. Ukifaulu kupanda ukuta, unapata nafasi ya kuwa hodari zaidi wa kupanda. Huko mimi naona mtu.

D&D yenyewe ilisubiri toleo la tatu, mwaka 2000, ndipo ikawafungulia wote stadi hizo. Ila mpiganaji aliyetaka kujifunza kunyata alitoa pointi mbili pale mwizi alipotoa moja. Yaani alirudishiwa miguu yake kwa bei ya ulanguzi.