Tazama Maji, Maua Baadaye

Mgeni akiingia Musée de l'Orangerie mjini Paris huyakimbilia maua. Kwa karibu, mayungiyungi ya mchoraji Claude Monet ni madoa: waridi iliyopakwa nzito, nyeupe kidogo juu yake, basi. Kinachopimwa hapa ni maji.

Rudi katikati ya chumba ujiulize: maji yamelala? Swali hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu picha hizi za bwawa lake la Giverny hazina upeo wa macho, na ukingo hujitokeza pembeni tu, pale unapojitokeza. Fundi dhaifu angetoa ukuta wa buluu uliobandikwa majani. Monet huyalaza maji kwa majani yenyewe: ya karibu mapana, ya mbali yamebanwa hadi yakawa vistari. Kisha mierebi na mawingu yaliyomo majini yanashuka wima, yakiyapita majani hayo katikati. Ukiona uso wa maji na kina chake kwa mpigo mmoja, kazi imefaulu. Majani ya mbali yakizidi upana kidogo, bwawa linasimama kama pazia.

Sasa sogea mpaka mlinzi aanze kukukodolea macho. Tafuta mahali brashi ilipoburuza rangi juu ya rangi iliyokwisha kukauka, ile ya chini ikachungulia kwenye nyufa. Kijani ulichokiona kwa mbali kinaweza kuwa njano, buluu na zambarau zilizowekwa jirani bila kukorogwa. Rangi ikikorogwa sana hufa, ikawa tope.

Monet alisumbuliwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa mwaka 1923. Picha zake kadhaa za kipindi hicho, za daraja la Kijapani la bwawa hilo hilo, zinawaka nyekundu na kahawia, na wapo wanaozisifu kwa kumhurumia mzee. Mimi sizionei huruma. Katika baadhi yake daraja lipo, maji yamekwenda zake.

Jengo lenye picha hizi nalo lipimwe. Novemba 12, 1918, siku moja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, Monet alimwandikia waziri mkuu Georges Clemenceau akitaka kuipa Ufaransa kazi zake. Zawadi ikakua hadi picha 8 za vipande 22, zenye kimo cha mita 2 na urefu wa karibu mita 100 kwa jumla, zikabandikwa kwenye kuta za vyumba viwili vyenye umbo la duaradufu. Vilifunguliwa Mei 1927. Mwenyewe alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia. Miaka ya 1960 ikajengwa ghorofa juu ya vyumba hivyo, mwanga wa jua ukazibwa, na picha zikaishi chini ya taa hadi ukarabati uliokamilika 2006 ulipourudisha mwanga huo.

Kwa hiyo usihukumu haraka. Keti kwenye benchi la katikati, usubiri wingu lipite juu ya paa. Waridi huzimika kwanza. Buluu hubaki.