Uso, Mlima na Kivuli: Tahakiki ya Sanaa ya Picha za Watu Kilimanjaro

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno kinapoutaja uso wa mwanadamu. Kuna uso wenyewe, kuna sura, kuna wajihi, kuna haiba. Na wahenga wakaongeza kwamba uso umeumbwa na haya. Lakini kitendo cha kuihifadhi sura hiyo kwa kamera kimepewa kitenzi kimoja kikavu: kupiga. Picha hupigwa kama ngoma, na hupigwa kama mtu mkosaji. Hata hivyo, kitenzi hichohicho ndicho kitumikacho mlangoni, kwani hodi nayo hupigwa. Baina ya kupiga kwa kushambulia na kupiga kwa kuomba ruhusa ndimo ilimo sanaa nzima ya picha za watu. Na ni mahali pachache katika Afrika Mashariki ambapo tofauti hiyo imeacha alama zilizo wazi kama mjini Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro.

Miongozo ya upigaji picha ni mingi, na karibu yote husema mambo yaleyale. Mpiga picha aambiwa atafute lenzi ndefu kidogo ili pua isivimbe. Alenge jicho lililo karibu. Ashushe au apandishe kamera hadi usawa wa macho ya anayepigwa. Aepuke jua la utosini. Asafishe kilicho nyuma ili mti usiote kichwani mwa mtu. Ushauri huo ni sahihi, wala hapana haja ya kuubeza. Kasoro yake ni kwamba umeandikwa kana kwamba nyuso zote huishi chini ya jua moja, zina rangi moja, na zina historia moja na kamera. Mwanafunzi wa sanaa hii aliyepo Moshi hana budi kuusoma ushauri huo upya kwa macho ya mahali alipo.

Na aanze na mlima. Kila mgeni, na wenyeji wengi pia, hutaka asimame na Kilimanjaro nyuma yake. Matakwa hayo yana gharama. Mlima uko kaskazini ya mji. Kwa kuwa Moshi iko takriban nyuzi 3 kusini ya Ikweta, jua la saa sita mchana katika mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, yaani upande ule ule wa mlima. Basi anayepigwa picha na mlima nyuma yake huwa amelipa jua kisogo, na uso wake hugeuka kiza. Mwezi wa Disemba jua hupita kusini, likamwangaza usoni, lakini kwa kuwa liko juu mno humchimbia mashimo ya kivuli chini ya nyusi. Fauka ya hayo, mara nyingi mlima hujifunika mawingu kabla ya adhuhuri. Alfajiri na jioni ndizo saa zake; na ndizo saa za uso pia, kwani mwanga wa pembeni huchora shavu na paji pasipo kuyapofusha macho.

Kuna hila nyingine ya mlima isiyosemwa sana. Theluji ya kilele chenye urefu wa mita 5,895 inang'aa kuliko kitu chochote kilicho mbele yake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, au ndani ya simu, huona weupe huo na kudhani kuwa picha nzima ina mwanga wa kupindukia, kikapunguza. Theluji ikatoka safi, na uso wa mtu ukazama. Dawa yake ni rahisi: mwanga upimwe usoni, si mlimani, hata kama theluji itafifia. Lakini uamuzi huo wa kifundi ni uamuzi wa kimaadili vilevile. Mpiga picha hawezi kuvipa vitu viwili daraja sawa. Ama mtu awe pambo la mlima, ama mlima uwe pazia la mtu. Picha nyingi mno za Kilimanjaro zimechagua la kwanza bila ya wapigaji kujua kuwa wamechagua.

Aliye na busara hupanda kidogo kuelekea vihambani, akauacha mlima ujifiche nyuma ya migomba. Huko mwanga ni wa namna nyingine. Chini ya migomba na mikahawa pana vivuli vya madoadoa vinavyoupasua uso vipande vipande, na pana ukijani unaorudi kutoka majanini na kuitia ngozi rangi ya homa. Mpiga picha mwenye haraka husema kihamba ni pagumu. Mwenye subira humwomba mwenyeji asogee hadi pale kivuli kinapokoma, au asimame kizingitini mwa nyumba yake, uso akiuelekeza nje. Udongo mwekundu wa uani hutupa juu joto la mwanga wake. Kanga nyeupe ikitandazwa kando ya mtu hulainisha upande wenye giza. Na ndani ya macho hutokea ile nukta ndogo ya nuru ambayo bila yake picha ya mtu aliye hai hufanana na ya maiti. Hakuna taa ya kununua inayofanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko mlango wa nyumba.

Ama kuhusu rangi ya ngozi, historia haina budi kusemwa waziwazi. Kuanzia miaka ya 1950 maabara zilizosafisha mikanda ya rangi ya Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyokuja kuitwa kwa jina la Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha nyuso zote. Ngozi nyeusi ilitoka bila ya tofauti zake: kahawia, wekundu na weusi wenye kumetameta vyote vikachanganywa kuwa doa moja, yakabaki meno na macho. Kampuni hiyo haikusukumwa mwanzo na malalamiko ya watu weusi. Ilisukumwa na watengenezaji wa samani na wa chokoleti waliotaka bidhaa zao zionekane vyema. Mbao na peremende zilipata haki kabla ya binadamu. Mashine za siku hizi zimerekebishwa kwa kiasi, na mwaka 2021 Google walitangaza simu iliyosanifiwa makusudi kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi; lakini mpiga picha asiyejua kisa hicho ataendelea kudhani kuwa kosa liko usoni mwa aliyempiga. Na wapo wanaolirekebisha kosa hilo la kudhaniwa kwa kuing'arisha ngozi mpaka mama wa Kibosho asitambulike na wanawe. Huko si kuboresha picha, ni kuifuta.

Lakini yote hayo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili imo katika nyaraka. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 waliacha hazina kubwa ya picha, ambayo sehemu yake leo yaweza kuonekana katika hifadhi ya picha za kimisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Kwa ustadi, baadhi ya picha hizo zinastahili sifa: mwanga umepangwa, macho yako wazi, mavazi na mapambo yamehifadhiwa kwa uangalifu ambao mjukuu hana budi kuushukuru. Hata hivyo, msomaji akishuka chini ya picha kusoma maelezo, hukuta kasoro ambayo lenzi haiwezi kuitibu. Wapo wenye majina, hususan watawala na walimu. Wengine wengi wameandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kichagga, mzee, kijana. Uso umehifadhiwa, mwenyewe amepotezwa.

Zama hizohizo wapimaji wa mataifa walitaka picha za namna nyingine: uso wa mbele na uso wa upande, bila ya hisia, kama mali iliyoorodheshwa ghalani. Picha hizo zilikwenda sambamba na ukusanyaji wa mafuvu. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi, aliyekuwa amewashinda Wajerumani mwaka 1892 na kushindwa nao mwaka uliofuata, alinyongwa huko Old Moshi pamoja na wenzake, wakiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Familia yake imeshikilia tangu hapo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, aliudai urejeshwe kwa miongo mingi urithi huo wa huzuni. Mjini Berlin yalikuwapo mafuvu yapatayo 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki. Na mwaka 2023 Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia ulitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha matatu kati ya yaliyochunguzwa na jamaa walio hai Tanzania. Mangi Meli hakuwa miongoni mwa waliotambuliwa katika tangazo hilo.

Kwa nini kisa hicho kitajwe katika makala ya sanaa ya picha? Kwa sababu kinaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni mdogo sana. Uso usio na jina na fuvu lisilo na jina ni watoto wa tabia moja: kuchukua bila ya kuuliza, na kuweka bila ya kurudisha. Mpiga picha wa leo hana kosa la watu wa mwaka 1900. Lakini kila abonyezapo kitufe mbele ya mpagazi wa mlimani, aliyeshuka na mzigo kichwani na jasho usoni, kisha akaondoka bila ya kumwuliza jina, hukanyaga mwanzo wa njia ileile. Hata Hans Meyer, pamoja na kiburi chote cha zama zake, alimtaja kwa jina katika kitabu chake Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu mwaka 1889. Mtalii mwenye simu hana udhuru wa kufanya upungufu zaidi ya huo.

Dhidi ya desturi hiyo imesimama desturi ya pili, nayo ni ya studio. Hapo Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya mwaka 1932 na 1993, alijifundisha mwenyewe kupiga na kuunganisha picha kwa ubunifu usiokuwa na kifani. Na Bamako, Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948, alitundika shuka la kitandani likawa pazia maarufu kuliko mapazia mengi ya kasri. Tofauti kubwa ya desturi hii haimo katika vifaa. Imo katika amri. Aliyeketi ndiye aliyelipa. Ndiye aliyechagua vazi, saa ya mkononi, mkao na tabasamu. Na mwisho ndiye aliyeondoka na picha. Mpiga picha alikuwa fundi kama fundi cherehani: alikata kitambaa kwa kipimo cha mwenye mwili.

Desturi hiyo Moshi bado haijafa, ila imebadilika. Disemba inapofika na Wachagga wanaporudi vihambani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, kila ukoo hukusanyika, na simu hutolewa mifukoni kwa makumi. Picha za kundi hupigwa bila ya hesabu. Lakini bibi aliyeketi katikati, ambaye kwa ajili yake watu wote wamerudi, ni nadra kupigwa peke yake, kwa utulivu, kwenye mwanga mzuri. Siku ya kumzika ndipo upungufu hudhihirika: familia inatafuta picha ya kutangulia jeneza, na inachopata ni kile cha kitambulisho, kilichokuzwa mpaka nukta zikaonekana, uso umekazwa mbele ya ukuta kama wa mtuhumiwa. Ile picha ya uso wa mbele, bila ya hisia, imerudi kwa mlango wa serikali na kukaa juu ya kaburi.

Yupo atakayesema kuwa hayo ni mambo ya moyo, na sanaa ni mambo ya mkono. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Heshima peke yake haiangazi jicho lililo kivulini. Mjukuu mwenye mapenzi tele anaweza kumpiga bibi yake picha mbovu, na mapenzi yake hayataonekana ndani yake hata chembe. Ndiyo maana haijuzu kuudharau ufundi. Kujua saa ya mwanga, kupima uso badala ya theluji, kurudi nyuma hatua mbili na kutumia lenzi ndefu badala ya kumsogelea mtu mpaka pua imzidi, kungoja mpaka mabega yashuke na tabasamu la kulazimishwa lichoke: yote hayo ni adabu zilizovaa nguo ya ufundi. Na kuuliza jina, kuliandika nyuma ya picha pamoja na mahali na mwaka, kisha kurudisha nakala kwa mwenyewe, ni ufundi uliovaa nguo ya adabu. Aliyetenganisha viwili hivyo hajajua kimoja.

Alhasili, kipimo cha picha ya mtu si sifa za wapiga picha wenzake, wala si zawadi za mashindano. Kipimo ni ukuta wa sebule katika nyumba ya aliyepigwa. Je, angependa kuitundika? Je, wajukuu wakiikuta baada ya miaka 50, watalijua jina? Picha iliyojibu ndiyo kwa maswali hayo mawili imefaulu, hata kama kilele cha Kilimanjaro kimekatwa na ukingo wake. Mlima utakuwapo kesho kupigwa tena. Bibi hana ahadi hiyo.