Hali ya kiwandani imehifadhiwa wapi? Laptopu ya mtumba katika meza ya fundi wa Goma

Laptopu nyingi zinazouzwa Goma zimeshapita mikononi mwa mtu mwingine. Hutoka Ulaya au Dubai, zikapitia Kampala au Kigali, zikavuka mpaka wa Gisenyi na kuishia kwenye meza za mtaa wa Birere, zimefutwa vumbi na kutajiwa bei kwa dola. Mnunuzi akifika nyumbani anakuta jina asilolijua kwenye kioo, Windows ya Kiholanzi, na mashini inayochukua muda wa kupika chai kabla ya kuwaka. Kesho yake anakwenda kwa fundi: "Fundi, unirudishie kama vile ilitoka kiwandani."

Ombi ni halali, ila lina swali ndani yake ambalo fundi mzuri hulijibu kabla ya kugusa kitufe. Hiyo hali ya kiwandani imehifadhiwa wapi? Huenda imo ndani ya diski yenyewe, huenda iko kwenye intaneti, huenda iko kwenye flashi. Kila mahali pana gharama yake, na kwa Goma gharama hizo hazilingani hata kidogo.

Chukua mfano wa kawaida: laptopu iliyotengenezwa mwaka 2014, ikauzwa na Windows 8.1, kisha mwenyewe wa kwanza akaipandisha hadi Windows 10. Enzi hizo watengenezaji walikuwa wakitenga sehemu ya diski, mara nyingi zaidi ya giga 10, na kuficha humo nakala kamili ya mfumo kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Kila kampuni ina kitufe chake cha kuiamsha wakati mashini inawaka: HP ni F11, Asus ni F9, Acer ni Alt na F10 kwa pamoja, na Lenovo nyingi zina kitufe kidogo cha pembeni kinachobonyezwa kwa ncha ya sindano. Kama sehemu hiyo bado ipo, kazi inaanza bila intaneti wala flashi, na mteja anafurahi.

Furaha hiyo haidumu. Hali ya kiwandani aliyoiomba ni ya mwaka 2014, na mashini inarudi mwaka huohuo: Windows 8.1, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 10 Januari 2023, pamoja na antivirusi ya majaribio iliyokwisha muda na lugha ya nchi ilikouzwa mara ya kwanza. Mara nyingine kitufe hakileti kitu kabisa, kwa sababu diski ya zamani ilishang'olewa na kuwekwa ya SSD, na sehemu iliyofichwa ikaondoka nayo. Kwa maoni yangu, kwa mashini ya umri huo, bora kitufe kisilete kitu.

Njia ya pili ni ile ambayo watu wa Goma, wanaotumia Windows ya Kifaransa, huiona kwa jina la "Réinitialiser ce PC". Wengi wanadhani inafanya kazi ileile ya F11. Sivyo. Tangu Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, mfumo hauhitaji tena nakala ya kiwandani. Unakusanya vipande vya Windows vilivyomo tayari ndani ya diski na kujijenga upya kwa vipande hivyo. Hilo linaokoa nafasi, na unabaki na toleo la karibuni badala ya lile la 2014. Lakini ni sawa na seremala wa mtaa wa Majengo anayebomoa nyumba ya mbao na kuisimamisha tena kwa mbao zilezile: kama mchwa alikuwa ndani, atahamia nazo. Mashini ambayo faili zake za mfumo zimeharibika inaweza kukataa katikati ya safari, au ikamaliza na kubaki na ugonjwa.

Ndiyo maana Mei 2020 Microsoft iliongeza chaguo la kupakua vipande vipya kutoka kwenye seva zake. Ni chaguo zuri kwa mwenye intaneti ya nyumbani. Hapa kwetu upakuaji huo unaweza kuzidi giga 4, na kwa mtu anayenunua mega kidogokidogo kwenye simu, hiyo ni pesa nzito kwa mashini moja tu. Kesho akija mteja mwingine, zinanunuliwa tena.

Njia hii pia haiaminiki kwa asilimia mia. Agosti 2025 masasisho ya usalama ya Microsoft yenyewe yaliivunja kwenye Windows 10 na matoleo kadhaa ya Windows 11, hadi marekebisho ya dharura yalipotolewa tarehe 19 mwezi huohuo. Fundi aliyekuwa akitegemea kitufe hicho tu alikaa mikono mitupu.

Halafu kuna umeme. Windows inataka chaja iwe imechomekwa kabla ya kuanza, na betri ya mtumba mara nyingi imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika, kioo kinazimika papo hapo. Goma ina kampuni za umeme za Virunga Energies na SNEL, na bado hakuna anayeapa kwamba saa mbili zijazo zitapita salama. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, umeme ulikatika kwa siku kadhaa. Kujijenga upya kukikatizwa katikati kunaweza kukuachia mashini isiyo na mfumo wa zamani wala mpya.

Hapo flashi inashinda. Flashi ya giga 8 inatosha. Fundi anapakua mara moja, kwenye mashini nzima, kutoka kwa Microsoft yenyewe, kisha flashi hiyohiyo inahudumia wateja wa miezi mingi. Umeme ukikatika anaanza upya, na flashi haijapoteza chochote. Diski inafutwa yote, kwa hiyo mchwa hana pa kujificha. Kabla ya kufuta, fundi makini hunakili draiva za mashini kwa amri ya pnputil, kwa sababu Windows mpya isiyotambua Wi-Fi haiwezi hata kuomba msaada.

Katika kuandika amri kuna kikwazo kidogo cha kibodi. Mashini za AZERTY zikifungua dirisha la amri la uokoaji, mara nyingi dirisha hilo linadhani kibodi ni ya Kimarekani. Unaandika A, inatokea Q. Alama ya mkwaju, isiyokosekana kwenye amri kama "reagentc /info", utaipata kwenye kitufe cha alama ya mshangao.

Suala linalowapoteza mafundi wengi ni leseni. Tangu Windows 8, ufunguo umechomwa ndani ya mazabodi na kisakinishi huusoma chenyewe. Microsoft ilifunga mlango wa kutumia funguo za Windows 7 na 8 kwa Windows 10 Septemba 2023, lakini mashini iliyopandishwa kabla ya hapo kwa kawaida imeandikwa kwenye seva zake, na inajitambulisha yenyewe ikipata intaneti. Basi ukurasa wa uamilishaji uangaliwe kabla ya kufuta. Kama leseni ipo, zile programu za kuvunja kufuli, zinazotaka antivirusi izimwe kwanza, hazina kazi. Fundi anayeziweka anamrudishia mteja uchafu aliolipwa kuuondoa.

Kwa mashini yetu ya 2014 kuna habari mbaya bado. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri huo. Kwa mwanafunzi anayehitaji kuandika na kusoma, ningeweka mfumo wa Linux Mint kwenye flashi ya pili na kumwonyesha kabla hajaamua.

Mashini mpya zaidi zina balaa lake, hasa zilizotoka kwenye kampuni na mashirika. Baadhi zimesajiliwa kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot. Unafuta diski, unasakinisha vizuri, unaunganisha intaneti, na kioo kinakukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya na kudai akaunti ya mfanyakazi wake. Usajili hauko kwenye diski, kwa hiyo flashi yoyote haiugusi. Ni kampuni yenyewe au Microsoft inayoweza kuuondoa. Kwa hiyo mashini ya namna hiyo iunganishwe na intaneti pale dukani, ikiwa imeshafutwa, kabla dola hazijahesabiwa. Baada ya hapo fundi hana la kufanya zaidi ya kumrudisha mnunuzi kwa muuzaji, na risiti mkononi kama alipewa.